JAMAA NI AKINA NANI?



Leo tunatimiza miaka kumi. Hesabu za fedha zimo katika taarifa ya mweka hazina. Sisi tumeombwa kuandika historia, nasi tumeona tuanze na neno moja lililotutoa jasho mwanzoni: jamaa.

Tulipokwenda benki kufungua akaunti, barua yetu ya utambulisho ilisema, "jamaa hawa wameunda kikundi cha kuweka na kukopa." Karani akaisoma, akatutazama sisi watatu na khanga zetu, akauliza, "Sasa hao jamaa wenyewe wako wapi?" Alidhani tumetumwa na wanaume! Njiani tulicheka, lakini siku ile akaunti haikufunguliwa.

Je, jamaa ni mwanamume? Kwa asili, sivyo. Neno limetoka katika Kiarabu, na huko ni kundi la watu. Kwa Kiswahili likawa watu wa ukoo, ndugu na marafiki, wake kwa waume. Sarufi yetu nayo haibagui: "yeye" ni mama, "yeye" ni baba. Lakini mitaani kuna mambo yake. Ukiambiwa "kuna jamaa anakuulizia," hutegemei kumkuta mwanamke mlangoni. Jamaa wakiwa wengi, huenda na sisi tumo. Akibaki mmoja, ni mwanamume. Na "jamani," mtoto wa neno hilohilo, ni la wote. Tena sisi kina mama ndio tunaoongoza kulisema!

Neno hilo ndilo lililozaa Ujamaa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lenyewe lilikiri kuwa wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu yeyote nchini, pengine saa 12 au 14 kwa siku. Jembe tulikuwa nalo, lakini shamba, mara nyingi, lilihesabiwa kuwa la baba. Ikabidi sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 zitamke wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Kumbe neno linaweza kuwa la watu wote, na bado likamficha mtu ndani yake.

Basi tulikaa chini, tukaandika upya. Kipengele cha kwanza cha katiba yetu hakisemi "jamaa," kinasema "wanawake." Kila mwanachama ana kitabu cha hisa chenye jina lake mwenyewe. Kuitana Mama Fulani tunaitana, lakini kitabuni ni jina lako. Wiki iliyofuata tulirudi benki na barua mpya, na akaunti ikafunguliwa.

Jamani, hongereni sana! Na akitokea tena wa kuuliza jamaa wako wapi, mjibuni bila kusita: ndio sisi.