The Martian (riwaya)

The Martian (maana yake "Mtu wa Mirihi") ni riwaya ya bunilizi ya kisayansi iliyoandikwa na Andy Weir kutoka Marekani. Mwanzoni ilitolewa bure, sura baada ya sura, kwenye tovuti ya mwandishi. Mwaka 2011 iliuzwa kama kitabu pepe, na mwaka 2014 ilichapishwa na Crown Publishing. Ni mfano maarufu wa riwaya iliyowafikia wasomaji kabla ya kukubaliwa na wachapishaji.

Muhtasari wa hadithi

Mwanaanga Mark Watney, mtaalamu wa mimea na mhandisi, anaachwa peke yake kwenye sayari ya Mirihi baada ya wenzake kudhani kwamba amekufa katika dhoruba ya vumbi. Hana mawasiliano na Dunia, na chakula alichonacho hakitoshi hadi chombo kingine kifike. Anatengeneza maji kutokana na mafuta ya roketi na kulima viazi ndani ya kituo chake. Sehemu kubwa ya riwaya imeandikwa kwa mtindo wa shajara.

Historia ya kuandikwa

Weir alizaliwa mwaka 1972 na alifanya kazi ya kutengeneza programu za kompyuta. Alipopunguzwa kazini mwishoni mwa miaka ya 1990, alitumia akiba yake kujaribu kuishi kwa uandishi kwa takriban miaka mitatu. Riwaya aliyoandika wakati huo haikupata wakala wala mchapishaji, hivyo alirudi kwenye kazi yake ya zamani.

Hata hivyo hakuacha kuandika. Aliweka katuni na hadithi kwenye tovuti yake bila malipo, ikiwemo hadithi fupi "The Egg" ya mwaka 2009, ambayo imetafsiriwa katika lugha nyingi. The Martian ilianza kwa njia hiyohiyo. Sura mpya ilipokuwa tayari, aliwaarifu kwa barua pepe wasomaji wake wapatao 3,000. Baadhi yao walikuwa na elimu ya sayansi. Walimwonyesha makosa ya kemia na fizikia, naye akayasahihisha. Hivyo wasomaji walifanya sehemu ya kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na mhariri.

Uchapishaji

Riwaya ilipokamilika, wasomaji waliomba toleo la kusomea kwenye vifaa vya vitabu pepe. Weir alitoa toleo la bure, lakini wengine hawakujua namna ya kulihamishia kwenye vifaa vyao. Kwa hiyo aliiweka katika duka la Kindle kwa senti 99 za dola, bei ya chini kabisa iliyoruhusiwa. Walioinunua wakawa wengi kuliko waliopakua bure, kwa sababu dukani ilikuwa rahisi kuipata. Nakala zipatazo 35,000 ziliuzwa katika miezi mitatu.

Mwaka 2013 Podium ilitoa toleo la kusikiliza. Mwaka huohuo, katika muda wa wiki moja, Weir aliuza haki za kitabu kwa Crown na haki za filamu kwa 20th Century Fox. Wakati huo alikuwa bado akifanya kazi ya programu.

Mapokezi

Riwaya ilisifiwa kwa ucheshi wake na kwa kueleza sayansi hatua kwa hatua. Kosa lake linalojulikana zaidi ni dhoruba ya mwanzoni: angahewa ya Mirihi ni nyepesi mno, msongo wake ukiwa chini ya asilimia 1 ya ule wa Dunia, hivyo upepo wake hauwezi kuwa na nguvu kiasi hicho. Weir amekiri kwamba alilijua kosa hilo na kuliacha kwa ajili ya hadithi.

Filamu iliyotokana na riwaya hii ilitoka mwaka 2015, ikiongozwa na Ridley Scott, huku Matt Damon akiigiza kama Watney. Iliteuliwa kuwania Tuzo 7 za Oscar. Mwaka 2016 Weir alipata Tuzo ya John W. Campbell ya mwandishi mpya bora.