Uchovu wa Daktari wa Upasuaji Una Historia

Tumezoea kumsifu daktari wa upasuaji asiyelala, kana kwamba kukesha ni sehemu ya kiapo chake. Historia inatwambia vingine.

Hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1889. Hapo William Halsted aliasisi mfumo wa mafunzo uliomtaka daktari kijana aishi hospitalini na kuitika wito usiku na mchana, kwa miaka kadhaa. Halsted mwenyewe alikwisha kunaswa na kokeini, aliyoifanyia majaribio kama dawa ya ganzi, na baadaye mofini. Hata hivyo, mfumo wake ulienea ukawa kipimo cha ushupavu.

Mwaka 1984 Libby Zion, binti wa miaka 18, alifariki New York mikononi mwa madaktari wa mafunzoni waliokuwa katika zamu ndefu. Baba yake hakunyamaza. Mwaka 1989 jimbo hilo likaweka ukomo wa saa 80 kwa wiki; mwaka 2003 ukomo huo ukatumika nchi nzima.

Karibu karne moja ya uchovu wa madaktari haikutosha kuwa hoja, hadi alipokufa mgonjwa. Anayepanga zamu leo asisubiri msiba kama huo.