Jina la Bagamoyo: Maana na Muktadha
Katika karne ya 19, Bagamoyo ilikuwa kikomo cha njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Jina lake hufasiriwa kuwa ni "bwaga moyo". Kubwaga ni kuutupa mzigo chini. Kwa mpagazi wa Kinyamwezi aliyefikisha pembe za ndovu akingojea ujira, kauli hiyo ni faraja: tua, moyo upumzike. Kwa mtumwa aliyekaribia kuvushwa kwenda Unguja, ni kauli ya kukata tamaa: uache moyo wako hapa pwani. Maneno ni yale yale. Muktadha ndio uliotofautiana. Anayeshikilia fasiri ya pili pekee humkumbuka mtumwa, lakini humsahau mpagazi, ambaye mabega yake yaliujenga mji huo.