Kilimia mbele ya mkulima, nahodha na bunge

Wazee wa pwani wana msemo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Anayeusikia leo huudhani ni wosia wa maisha tu, kwamba aliyeanza na dhiki asikate tamaa. Lakini maneno yenyewe ni utabiri wa hali ya hewa, na utabiri unapimika. Basi tuuweke kando ya tabiri za watu wengine waliokikodolea macho Kilimia hichohicho, tuone kila mmoja alikuwa anasema nini hasa.

Kwanza kitu chenyewe. Kilimia ni fungu la nyota zaidi ya elfu moja, umbali wa takriban miaka ya nuru 440 kutoka hapa. Ni nyota changa: umri wake ni kama miaka milioni 100, ilhali Jua letu limekwisha kula miaka bilioni 4.6. Jicho la kawaida huona sita, jicho kali saba au zaidi. Galileo, katika kitabu alichochapisha mwaka 1610 baada ya kuzitazama kwa darubini, alichora 36. Wajapani wanaliita fungu hili Subaru, na mwenye gari la jina hilo anaweza kwenda kuzihesabu nyota sita kwenye nembo iliyo mbele ya boneti.

Kila mwaka, kuanzia mwanzoni mwa Mei hadi katikati ya Juni hivi, Jua hupita upande huo wa anga na Kilimia hakionekani kabisa. Kwa mara ya mwisho huonekana magharibi, chini, giza likianza kuingia. Kinaporudi huchomozea mashariki kabla ya mapambazuko. Kupotea huku kwa siku arobaini hivi ndiko kulikokifanya kiwe kalenda ya mataifa mengi, maana hakuhitaji hesabu wala chombo. Kunahitaji mtu wa kuamka mapema, na mkulima huamka mapema hata hivyo.

Hesiod, mshairi wa Ugiriki aliyeishi karibu miaka 700 kabla ya Kristo, anazitaja siku hizo arobaini katika utenzi wake wa kilimo. Kwake, Kilimia kikizuka alfajiri, mundu unolewe, nafaka imeiva. Kikizama alfajiri, mwezi wa Novemba, ng'ombe wafungwe plau. Sasa shuka kusini mwa Afrika. Wazulu na Waxhosa wanakiita isilimela, Wasotho selemela, na msomaji wa Kiswahili hana haja ya kamusi. Huko, kikizuka alfajiri ya Juni ni kipindi cha baridi, mavuno yamekwisha kuingia ghalani, na watu huanza kufikiria jembe. Alfajiri ileile humpa mmoja mundu na mwingine jembe, kwa kuwa mmoja yuko kaskazini ya ikweta na mwingine kusini. Waxhosa wakaenda mbali zaidi: mwanamume huhesabu miaka ya utu uzima wake kwa izilimela alizoziona tangu atoke jandoni. (Tarehe za Hesiod, tahadhari, si zetu. Mhimili wa Dunia huyumba polepole, na tangu zama zake kuzuka huko kumesogea mbele kwa mwezi mmoja hivi.)

Mpaka hapa nyota ni saa tu. Inakwambia sasa ni lini, haikwambii mwaka utakuwaje.

Waarabu waliligusa swali hilo la pili kwa ukali kuliko wote. Kwao Kilimia ni Thuraya, manzili ya tatu kati ya 28 ambazo mwezi huzipitia, na kabla ya Uislamu kila manzili ilidhaniwa kuwa na mvua yake. Kisha ikaja hadithi mashuhuri ya Hudaibiya: baada ya usiku wa mvua, Mtume (s.a.w.) aliwaambia maswahaba kwamba asemaye tumenyeshewa kwa fadhila za Mungu ameamini, na asemaye tumenyeshewa kwa nyota fulani amekufuru. Wanazuoni waliofuata wakaona hakuna ubaya kusema mvua ilinyesha wakati wa nyota fulani. Ubaya ni kusema nyota ndiyo iliyoileta. Wakati ni kitu kimoja na sababu ni kitu kingine. Sijaona utamaduni mwingine kati ya hizi uliouchora mpaka huo waziwazi namna hiyo, na ndio uliowaacha wakulima na manahodha waendelee na kalenda zao bila hofu ya dini. Ahmad ibn Majid, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha ubaharia karibu mwaka 1490, alitumia dira ya pande 32 zilizopewa majina ya nyota zinapochomoza na kutua. Thuraya ni upande wa kwanza kutoka mashariki kuelekea kaskazini. Nyota zenyewe huchomoza kaskazini zaidi ya hapo. Dira iliazima jina tu, na nahodha mzoefu alilijua hilo.

Waliokijibu kitendawili cha mwaka utakuwaje ni wakulima wa viazi katika milima ya Andes, nchini Peru na Bolivia. Karibu na Juni 24, sikukuu ya Mtakatifu Yohane, hupanda mahali pa juu kabla ya kupambazuka wakakikagua Kilimia: ni kikubwa au kidogo, kinang'aa au kimefifia? Kikiwa hafifu, mvua zitachelewa na zitakuwa haba, kwa hiyo viazi havipandwi wakati wake wa kawaida. Husogezwa mbele kwa wiki kadhaa. Kwa muda mrefu wageni waliichukulia kama itikadi ya kijijini. Mwaka 2000, Benjamin Orlove, John Chiang na Mark Cane walichapisha uchunguzi wao katika jarida la Nature: katika miaka ya El Niño, mwezi wa Juni hutanda mawingu membamba sana ya juu ambayo jicho haliyaoni, ila yanapunguza mwanga wa nyota. Na miaka hiyohiyo ndiyo ambayo mvua za Andes hupungua miezi michache baadaye. Kilimia hakifanyi lolote. Ni taa nyuma ya pazia, na mkulima anapima unene wa pazia.

Turudi kwa wazee wetu. Msemo wao hausemi Kilimia huleta mvua, kwa hiyo hata mwanazuoni wa Hudaibiya hangewakemea. Wala si kalenda kama isilimela, maana una sharti ndani yake: kikizama hivi, kitazuka vile. Kwa umbo, ndugu zake wako Andes. Lakini nusu zake mbili hazina uzito sawa. Katika mwaka wa kawaida Kilimia huzama masika yakiwa yamekolea, kikazuka Juni, kusi inavuma na mvua zimepungua. "Kikizama kwa mvua huzuka kwa jua" ni maelezo ya mwaka mzuri, na yatakuwa kweli mara nyingi bila ujanja wowote. Bahati nasibu iko katika nusu ya kwanza: masika yakikauka mwanzoni mwa Mei, je, mvua iliyokosekana italipwa Juni? Kumbukumbu za mvua za Mombasa na Zanzibar zinarudi nyuma zaidi ya miaka mia moja. Mwanafunzi mmoja wa takwimu angeweza kuifanya hiyo kuwa tasnifu yake, na ningeisoma hata kama jibu ni kwamba wazee walikosea.

Wamaori wa New Zealand wamechagua njia nyingine kabisa. Kwao fungu hili ni Matariki, na wataalamu wao, Rangi Mātāmua akiwa mashuhuri zaidi, huhesabu nyota tisa, kila moja na kazi yake: Tupuānuku ni vyakula vya ardhini, Tupuārangi vya juu, Waitī maji baridi, Waitā bahari, Waipunarangi mvua, Pōhutukawa waliofariki. Nyota inayong'aa huahidi neema katika eneo lake, karibu sawasawa na usomaji wa Andes. Mwaka 2022 bunge lilipitisha sheria ya kuifanya Matariki sikukuu ya taifa, ya kwanza ikaangukia Juni 24, na tarehe zikapangwa mpaka mwaka 2052. Ofisi zitafungwa siku hiyo hata kama anga lote limefunikwa. Wanaoshika desturi huamka alfajiri hata hivyo, huzisoma moja moja, kisha hufunua chakula cha moto, viazi vitamu, kuku, mkunga na samaki, ili mvuke wake uzipandie nyota.