Mifarishi ya Gee's Bend

Gee's Bend ni kijiji kilichomo ndani ya kona kubwa ya Mto Alabama, katika Kaunti ya Wilcox, kusini mwa Marekani. Maji yamekizunguka pande tatu, na barabara ya kuingilia ni moja tu. Wakazi wake ni Wamarekani Weusi, wengi wao wakiitwa kwa jina moja la ukoo, Pettway. Kilichokitangaza kijiji hiki ni ushonaji wa mifarishi, yaani mablanketi ya matabaka matatu: la juu huungwa kwa vipande vya nguo, la kati ni pamba, la chini ni kitambaa cha kufunikia, na yote matatu hushikwa pamoja kwa mishono ya mkono. Ufundi huo haukuwa na chuo. Mama alimfundisha binti, shangazi akamfundisha mpwa, kizazi baada ya kizazi, kwa hiyo habari za mifarishi haziwezi kusimuliwa bila habari za nyumba ilimoshonwa.

Kijiji kilianza kama shamba la watumwa. Mwaka 1816 Joseph Gee, mwenye mashamba kutoka North Carolina, alishika ardhi ya kona ya mto na kuleta watumwa wa kumlimia pamba. Mwaka 1845 warithi wake walimwachia shamba hilo jamaa yao, Mark Pettway, ili kulipa deni. Mwaka uliofuata Pettway alihamia huko na watumwa zaidi ya 100, nao walitembea kwa miguu kutoka North Carolina mpaka Alabama. Jina la bwana wao liliwaganda, na wajukuu wao wanaitwa hivyo hadi leo. Pamba iliyolimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, na sehemu ya vitambaa hivyo ilivuka bahari hadi Zanzibar, ambako iliuzwa kwa jina la merikani. Walioilima hawakuwa na haki hata ya ile waliyoichuma kwa mikono yao. Nguo walizopewa zilikuwa chache na duni, na kila tambara lilitunzwa kwa ajili ya majira ya baridi.

Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, watu hawakuondoka. Waliendelea kulima pamba ile ile kama wapangaji, wakikopa mbegu, mbolea na chakula kwa wafanyabiashara wa Camden, mji ulio ng'ambo ya mto, na kulipa wakati wa mavuno. Bei ya pamba ilipoporomoka katika miaka ya 1920, madeni yalirundikana. Mwaka 1932 mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiwakopesha alifariki, na mjane wake akatuma watu kudai. Familia zipatazo 60 zilinyang'anywa kila kilichobebeka: nyumbu, ng'ombe, kuku, majembe, magari ya kukokotwa, hata mahindi na viazi vilivyowekwa akiba. Majira ya baridi yaliyofuata yangewaua wengi kama Msalaba Mwekundu usingeleta chakula. Mifarishi haikuwa pambo katika nyumba hizo. Zilikuwa nyumba za magogo, nyufa zimezibwa kwa udongo na kuta zimebandikwa magazeti ili kuzuia upepo. Kitanda kimoja kilihitaji mifarishi kadhaa, na mama mwenye watoto wengi hakuweza kupitisha majira ya baridi bila kushona mipya.

Namna ya kuishona inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa maana hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Hatua ya kwanza, kuunga tabaka la juu, ilikuwa kazi ya mtu mmoja. Baada ya pamba kuvunwa, usiku, karibu na moto au taa ya mafuta, mwanamke alikaa na rundo la nguo zilizochakaa: suruali za kazi, ovaroli, mashati, magauni, magunia ya unga na ya mbolea. Suruali ilifumuliwa kwenye mishono na miguu yake kutandazwa bapa. Sehemu za magoti zilikuwa zimepauka kwa kupigwa na jua na kufuliwa. Mfuko ulipobanduliwa, chini yake ulibaki mraba wa buluu iliyoiva, rangi ya siku nguo ilipotoka dukani. Mshonaji wa Gee's Bend hakulificha doa hilo. Aliligeuza huku na huku mpaka akapata mahali pa kulikalisha, juu kulia au katikati kabisa, na kuupanga mfarishi mzima kulizunguka. Huo ndio urembeshaji wa mahali pale. Wachache walitia nakshi za uzi au shanga, na uzuri ulitokana na kupanga kile kilichokuwepo.

Mitindo ilikuwa na majina. Uliopendwa zaidi huitwa Paa la Nyumba. Huanza na kipande kimoja cha mraba katikati, kisha mikanda ya kitambaa huungwa upande mmoja baada ya mwingine, duru baada ya duru, mpaka ukubwa wa kitanda utimie. Kwa kuwa mikanda haikupimwa kwa rula, mmoja huwa mpana na mwingine mwembamba, na mraba huanza kulala upande. Mpangilio wa vipande vinavyopanda ngazi kwa ngazi huitwa Mwashi wa Matofali. Msichana Mvivu ni mikanda mirefu iliyolazwa sambamba, na jina hilo halimtendei haki mshonaji: mikanda michache humwachia nafasi ndogo ya kuficha kosa la rangi, na ni wenye jicho kali tu walioufanya vizuri. Nje ya mitindo hiyo kulikuwa na mifarishi isiyofuata chochote ila hiari ya mshonaji, nayo ilihesabiwa kuwa halali sawa na mingine.

Pamba ya kujaza ilitoka shambani au kwenye sakafu ya kinu cha kuchambulia, ilikofagiliwa pamoja na mabaki ya maganda. Ilipigwa kwa fimbo mpaka ikaumuka, kisha ikatandazwa juu ya kitambaa cha chini, ambacho mara nyingi kilikuwa magunia yaliyofuliwa na kufuliwa tena mpaka maandishi yakafifia. Ndipo zamu ya wenzake mshonaji ilipofika. Mfarishi ulifungwa kwenye fremu ya mbao iliyoning'inizwa darini au kuegemezwa juu ya viti, wanawake wakakaa pande zote, kila mmoja na sindano yake, wakishona mistari iliyopenya matabaka yote matatu. Waliimba nyimbo za kanisani na kuzungumza. Watoto walikaa chini ya fremu, wakitia uzi kwenye sindano na kutazama ncha zikichomoza na kurudi juu. Hapo ndipo masomo yalipoanza, kabla mtoto hajajua kwamba anafundishwa.

Msichana alipokua kidogo alipewa vipande aviunge mwenyewe. Mama alimwonyesha namna ya kushika kitambaa, kuweka bandi, kuvuta uzi bila kukikunja. Akisha kushika hayo, aliachwa. Kumwiga mama hatua kwa hatua hakukuwa sifa, na wanawake wengi wa kijiji walipoulizwa baadaye walisema kwamba walishona kwa njia yao wenyewe. Kanuni hiyo ya kufundishwa mkono na kuachiwa akili ndiyo iliyoupa ufundi huu nguvu kuliko kitu kingine chochote. Ndiyo maana mifarishi ya mama na ya binti, iliyotoka katika rundo moja la nguo, inaweza kutofautiana kabisa na bado ikajulikana kuwa ya Gee's Bend. Siku za jua mifarishi ilianikwa kwenye kamba na nyua ipate hewa, na wanawake walipita nyumba kwa nyumba kuitazama, wakirudi kwao na wazo jipya.

Mingi haikudumu. Ilifuliwa mpaka ikaisha, na ile iliyochakaa kabisa ilichomwa ili moshi wake ufukuze mbu. Kati ya ile iliyosalia, mmoja unasimuliwa zaidi. Mwaka 1942 Missouri Pettway alikuwa katika majonzi ya kufiwa na mumewe, Nathaniel. Alikusanya nguo za kazi za marehemu na, kwa msaada wa binti yake Arlonzia, akaziunga zikawa mfarishi, ili amkumbuke na ajifunike kwa upendo wake. Ni vipande vikubwa vya buluu, kijivu na hudhurungi vilivyopauka, vyenye madoa ya jasho na udongo wa shamba. Leo mfarishi huo umo katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini Washington.

Katika miaka ya 1930 serikali ya Franklin Roosevelt iliinunua ardhi ya kijiji, ikajenga nyumba mpya, shule, duka na kinu cha pamba, na baadaye ikaziuzia familia mashamba kwa mikopo nafuu. Kwa hiyo watu wa Gee's Bend walimiliki ardhi wakati ambapo Weusi wengi wa kusini walikuwa bado wapangaji, na jambo hilo liliwazuia kutawanyika. Mpigapicha Arthur Rothstein, aliyetumwa na serikali mwaka 1937, alimpiga picha mshonaji Jorena Pettway akiwa na wasichana wawili na mfarishi alioushona. Mwaka 1949 posta ilikipa kijiji jina jipya, Boykin, ambalo linatumika kwenye barua. Wenyewe wanaendelea kukiita Gee's Bend.

Ardhi haikuwapa kura. Weusi wa kijiji walipoanza kuvuka mto kwenda Camden kujiandikisha kupiga kura, kivuko kiliondolewa, mwaka 1962, na safari ya dakika chache ikageuka mzunguko wa zaidi ya kilomita 60. Kivuko hakikurudi mpaka mwaka 2006. Martin Luther King alihutubia kijijini Februari 1965, usiku, katika mvua. Mwishoni mwa mwaka huo Francis Walter, kasisi wa Kianglikana aliyekuwa akizunguka kuandika maonevu waliyotendewa wapiga kura, aliona mifarishi imeanikwa kwenye kamba, akapata wazo la kuiuza kwa manufaa ya wenyewe. Mnada ulifanyika New York katika majira ya kuchipua ya mwaka 1966, na mwaka huo huo wanawake wa Gee's Bend na vijiji jirani wakaunda ushirika, Freedom Quilting Bee, ambao Estelle Witherspoon aliuongoza kwa miaka mingi.

Ushirika uliwaletea wengi wao mshahara wa kwanza maishani ambao haukutoka shambani. Mifarishi ilifika kwenye maduka makubwa ya New York, na mwaka 1972 kampuni ya Sears iliweka oda ya foronya za mito za kitambaa cha kodrai. Gharama yake ilionekana upesi. Duka lilitaka kila mfarishi ufanane na ule wa kwenye sampuli, vipimo sawa, mishono sawa, rangi zilizochaguliwa na mnunuzi. Hiyo ni kinyume cha kila walichofundishwa nyumbani, na mfarishi uliopindia upande, ambao kijijini ungesifiwa, dukani ungerudishwa. Hakuna wa kuwalaumu waliokubali, kwa kuwa fedha hizo zilisomesha watoto. Hata hivyo mabaki ya kodrai ya Sears, ya rangi ya dhahabu, kijani cha parachichi na nyekundu, yalibebwa nyumbani, na huko wanawake wakayaunga watakavyo. Kodrai ni nene, haifai kukatwa vipande vidogo, kwa hiyo waliitumia kwa mapana, na mifarishi waliyoipata ni miongoni mwa ile bora ya karne nzima.

Mkusanyaji wa sanaa William Arnett, wa Atlanta, aliona picha ya mfarishi wa Annie Mae Young, wa mwaka 1976, umetundikwa juu ya rundo la kuni, akafunga safari kumtafuta mshonaji wake. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Alinunua mamia ya mifarishi, na mwaka 2002 maonyesho yalifunguliwa katika Jumba la Sanaa la Houston, kisha katika Jumba la Whitney mjini New York, kabla ya kuzunguka miji mingine. Blanketi lililotandikwa kitandani lilitundikwa ukutani kama mchoro, na wahakiki wakaliweka katika daraja moja na kazi za wachoraji wakuu wa karne ya 20. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu kumi zenye picha za mifarishi hiyo. Sifa zilizaa na mgogoro: mwaka 2007 baadhi ya washonaji walimshtaki Arnett na familia yake kuhusu malipo na haki za kazi zao, na kesi hizo zikamalizika mwaka 2008.

Tangu mwaka 2003 washonaji wana umoja wao wa kuuza kazi. Mwaka 2015 Mary Lee Bendolph, Lucy Mingo na Loretta Pettway walitunukiwa tuzo ya taifa ya urithi wa sanaa za jadi. Ushirika wa zamani ulifungwa mwaka 2012. Siku hizi vitambaa vingi hununuliwa, na kuunga kwa cherehani ni jambo la kawaida. Vijana wengi huenda mijini kutafuta kazi, na wapo wanaoanza kushona wakiwa watu wazima, wakiwa wamebeba vichwani waliyoyaona chini ya fremu. Mwaka 2022 lilianzishwa tamasha la kuanika mifarishi, ambalo hufanyika Oktoba. Wageni hutembea nyumba kwa nyumba, hununua moja kwa moja kwa mshonaji, na wanaotaka kujifunza hukaa naye na kuanza na vipande viwili vya nguo.