Mwalimu wa Darasa la Awali: Kiongozi wa Hatua ya Kwanza ya Mtoto Shuleni

Kila mwezi Januari shule zinapofunguliwa, maelfu ya wazazi na walezi nchini huwashika mkono watoto wao wa miaka mitano na kuwafikisha katika mlango wa darasa la awali. Wapo wanaoingia wakicheka na wapo wanaong'ang'ania kanga za mama zao. Wengine hawajawahi kukaa saa moja mbali na nyumbani, na wengine hawajui Kiswahili kwa kuwa lugha ya nyumbani ni Kisukuma, Kihaya, Kimasai au Kimakonde. Anayewapokea wote hao ni mtu mmoja, naye ni mwalimu wa darasa la awali.

Kazi ya mwalimu huyo mara nyingi hudhaniwa kuwa nyepesi, kana kwamba ni kuimbisha nyimbo na kusubiri saa ya kurudi nyumbani. Ukweli ni kwamba kuongoza darasa la awali ni taaluma inayojitegemea, yenye maandalizi, taratibu na vipimo vyake. Ikifanywa vizuri, mtoto huingia darasa la kwanza akiwa tayari kujifunza. Ikipuuzwa, pengo linaloanzia hapo humfuata mtoto katika madarasa ya juu.

Nafasi ya elimu ya awali katika mfumo wa elimu

Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kuwa sehemu rasmi ya mfumo wa elimu nchini. Sera ya mwaka 2014 iliiingiza katika elimumsingi, na tangu Januari 2016 elimumsingi katika shule za umma hutolewa bila ada kuanzia darasa la awali. Sera hiyo, Toleo la Mwaka 2023, ilizinduliwa jijini Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025, na mtaala ulioboreshwa wa elimu ya awali ulianza kutumika Januari 2024.

Darasa la awali katika shule ya umma ni sehemu ya shule ya msingi. Usimamizi wa shule nzima uko chini ya Mwalimu Mkuu, ilhali uongozi wa kila siku wa darasa uko mikononi mwa mwalimu wa darasa hilo. TAMISEMI husimamia uendeshaji wa shule, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia husimamia sera na ubora, na Taasisi ya Elimu Tanzania huandaa mtaala na vitabu. Maamuzi ya ngazi zote hizo humfikia mtoto kupitia mwalimu aliye darasani.

Ni vyema wananchi wakatofautisha darasa la awali na kituo cha kulelea watoto wadogo mchana. Vituo hivyo husajiliwa na kusimamiwa kupitia Ustawi wa Jamii, na lengo lake kuu ni malezi. Darasa la awali huongozwa na mtaala wa elimu.

Siku katika darasa la awali

Mwalimu anayelimudu darasa lake hufika kabla ya watoto. Hukagua kama chumba kimefagiliwa, maji ya kunawa yapo, choo ni salama kwa miguu midogo, na hakuna kitu chenye ncha kali sakafuni. Watoto wanapowasili humpokea kila mmoja kwa jina lake. Mapokezi hayo humpa mwalimu nafasi ya kuona aliyekuja na homa, asiyekula tangu jana, mwenye alama mwilini zisizoelezeka, na yule aliyekuwa mchangamfu juzi lakini leo yuko kimya.

Baada ya hapo siku hufuata mpangilio usiobadilika ovyo: mazungumzo ya asubuhi, vitendo vya kujifunza, michezo ya nje, uji pale wazazi na kamati ya shule walipokubaliana kuchangia, hadithi, kisha kuagana. Mtoto mdogo hasomi saa ukutani. Husoma mfuatano wa mambo, na anapojua kitakachofuata hutulia. Kila tendo hupewa muda mfupi kwa sababu umakini wa mtoto wa umri huo haudumu muda mrefu.

Chumba chenyewe hugawanywa katika kona za kujifunzia, kwa mfano kona ya lugha, hisabati, sayansi, sanaa na maigizo. Kona si lazima zijazwe vifaa vya dukani. Vizibo vya chupa, mbegu, vijiti, makombe ya pwani, maboksi na udongo wa mfinyanzi hutosha kumfundisha mtoto kuhesabu, kupanga, kulinganisha na kuumba. Mwalimu huamua watoto wangapi waingie kila kona na kwa muda gani, kisha huzunguka akiuliza maswali na kusikiliza majibu.

Michezo ndiyo njia ya kufundishia katika ngazi hii. Watoto wanaocheza duka hujifunza idadi, kubadilishana, kungoja zamu na kuongea kwa adabu. Mzazi anayemkuta mtoto akicheza duka kwa vizibo asidhani kwamba somo halijaanza.

Kiongozi wa tabia na mlinzi wa mtoto

Nidhamu ya darasa la awali hujengwa kwa kanuni chache zinazotamkwa kwa lugha rahisi na kurudiwa kila siku: tunangoja zamu, tunasikiliza anayeongea, tunarudisha vifaa mahali pake. Mtoto anayegombana huondolewa kwenye ugomvi, hutulizwa, kisha husaidiwa kusema kilichomuudhi. Kejeli, vitisho na kipigo humfanya anyamaze bila kumfundisha lolote. Mtoto mwenye hofu hajifunzi, na aliyekwisha kuichukia shule akiwa na miaka mitano ni vigumu kumrejesha.

Sheria ya Mtoto ya Mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto ya kulindwa dhidi ya ukatili. Kwa kuwa mwalimu wa awali humwona mtoto karibu kila siku, huwa miongoni mwa watu wa kwanza wanaoweza kubaini dalili. Wajibu wake ni kumtaarifu Mwalimu Mkuu na kuhakikisha suala linafikishwa kwa Ustawi wa Jamii, bila kulifanya mazungumzo ya mtaani. Vivyo hivyo, mwalimu makini humtambua mapema mtoto asiyesikia vizuri, asiyeona ubaoni au anayechelewa kuongea, na kuwashauri wazazi wampeleke kwa wataalamu.

Kupima bila mtihani

Maendeleo ya mtoto wa awali hupimwa kwa kumtazama akitenda. Mwalimu huandika kumbukumbu fupi: nani ameanza kushika penseli, nani anahesabu hadi kumi kwa vitu na si kwa kukariri tu, nani bado anacheza peke yake. Michoro na kazi za kila mtoto hutunzwa katika mkoba wake, na mwaka unapokwisha mwalimu wa darasa la kwanza hupokea taarifa inayomweleza mtoto anayekuja.

Hapa ndipo wazazi na walimu wa awali hutofautiana mara nyingi. Mzazi hutaka kuona daftari limejaa herufi. Mwalimu anajua kwamba mkono usiozoea kufinyanga, kuchora na kukata hauko tayari kuandika, na kwamba mtoto asiye na msamiati wa kutosha atatamka maneno bila kuyaelewa. Tofauti hiyo huondolewa kwa vikao vya wazazi, ambapo mwalimu huonesha kazi za watoto na kueleza maana yake.

Changamoto na wajibu wa kila mmoja

Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Katika shule nyingi za umma, hususan maeneo yenye watu wengi, idadi hupita kiwango hicho kwa mbali. Mwalimu wa darasa kubwa hulazimika kuwagawa watoto katika makundi, baadhi wakiwa nje na wengine kwenye kona, na kumpangia mwalimu msaidizi, pale anapokuwepo, kazi iliyo wazi. Kwa upande wa umbali, shule shikizi zimewasogezea huduma watoto wadogo waliokuwa wakitembea mwendo mrefu, nazo pia zinahitaji mwalimu mwenye maarifa ya watoto wa umri huo ili majengo yatimize lengo lake.

Kwa sababu hiyo, upangaji wa mwalimu wa awali ni uamuzi mzito. Darasa hilo halipaswi kuwa mahali pa kumpeleka mwalimu aliyebaki bila kipindi. Linahitaji aliyesomea elimu ya awali, au aliyepewa mafunzo kazini, mwenye subira na anayependa watoto. Mwalimu Mkuu anatakiwa kumwezesha kwa vifaa na muda wa maandalizi, kamati ya shule kusimamia usalama na chakula, na mzazi kumwandikisha mtoto kwa wakati, kumpeleka shuleni kila siku na kuzungumza na mwalimu wake.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mzazi anayetaka kujua kama darasa la awali linaongozwa vizuri na aende asubuhi moja akaangalie mambo matatu: iwapo mwalimu anawajua watoto kwa majina, iwapo watoto wanaongea na kutenda badala ya kukaa kimya tu, na iwapo mtoto wake hutamani kurudi kesho.