Simu na usukani: marufuku iishie wapi?

Dereva anayetoka na kontena Mombasa kwenda Kampala hupigiwa simu na watu wengi kabla hajafika Malaba. Tajiri mwenye gari anauliza amefika wapi, wakala wa forodha anataka namba ya treila, mwenye mzigo anataka kujua atapakua siku gani. Ndiyo maana mjadala wa kupiga marufuku simu kwenye usukani unawagusa wasafirishaji kuliko wenye magari madogo. Kwao simu ni chombo cha kazi, na mara nyingi anayepiga ndiye anayelipa mshahara wa dereva.

Sheria hubadilika mpakani. Nchini Kenya, kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zilipanga faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa katika mwendo. Uganda ilikuwa imetangulia kwa kanuni za mwaka 2004 zinazokataza simu ya kushikwa mkononi. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ilitungwa mwaka 1973, miaka mingi kabla simu za mkononi hazijaingia nchini, ingawa kosa la kuendesha bila uangalifu limo humo. Aidha, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu barabara, uliorekebishwa mwaka 2006, unazitaka nchi wanachama kukataza simu ya kushikwa mkononi gari linapotembea. Kongo (Kinshasa) ilijiunga na mkataba huo mwaka 1977, na Kenya mwaka 2009.

Kwa hiyo kuhusu simu iliyo mkononi ubishi umebaki mdogo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia Tech nchini Marekani, uliotolewa mwaka 2009, uliweka kamera ndani ya malori yaliyokuwa kazini. Madereva waliokuwa wakiandika ujumbe walikuwa na hatari ya kupata ajali, au kuponea chupuchupu, mara 23 zaidi ya wasioandika. Ndani ya sekunde 6 za hatari, macho yao hayakuwa barabarani kwa wastani wa sekunde 4.6. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, huo ni umbali wa mita 100 hivi, na gari lina tani zake mgongoni.

Ubishi mkubwa uko kwenye simu ya kuongea bila kushika, yaani ya spika au ya waya masikioni. Utafiti wa Toronto wa mwaka 1997, uliowapitia madereva 699, ulikuta kwamba anayeongea na simu hukaribia ajali mara 4 zaidi, na kifaa cha kuachia mikono hakikuonyesha nafuu yoyote. Utafiti wa Perth, Australia, wa mwaka 2005 ulifikia hesabu kama hiyo. Hata hivyo, kamera za Virginia hazikuona hatari kuongezeka kwa dereva wa lori anayeongea bila kushika simu. Wapo wanaosema maongezi humsaidia dereva asisinzie usiku. Hoja hiyo haifai kupuuzwa na mtu anayejua barabara ndefu, lakini dawa ya usingizi ni kulala.

Ajali ya Munfordville, Kentucky, ya Machi 2010 ndiyo iliyosukuma mambo Marekani. Alfajiri, lori lilivuka ukingo wa kati wa barabara kuu na kugonga gari la abiria. Watu 11 walifariki, akiwamo dereva wa lori, ambaye alikuwa akitumia simu. Bodi ya uchunguzi ya NTSB ilipendekeza madereva wa magari ya biashara wakatazwe simu zote, hata zisizoshikwa. Serikali haikufika huko. Kanuni iliyoanza Januari 2012 ilikataza simu ya mkononi tu, kwa faini ya hadi dola 2,750 kwa dereva.

Lakini kanuni hiyo ina jambo ambalo wasafirishaji wa ukanda huu wangelitazama kwa makini: kampuni inayoruhusu au kumlazimisha dereva wake kushika simu iliwekewa faini ya hadi dola 11,000. Faini ya shilingi 2,000 inamkuta dereva peke yake barabarani, huku aliyempigia mara tano mfululizo amekaa ofisini. Bosi akiacha kumpigia dereva aliye njiani, sehemu kubwa ya tatizo huondoka bila trafiki yeyote. Mahali gari lilipo panaonekana kwenye kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti. Mambo ya hati yanaweza kupitia kwa utingo, au yakasubiri gari lisimame mizani.

Kuna swali la foleni pia. Maneno ya kanuni za Kenya yanataja gari lililo katika mwendo. Marekani na Uingereza, gari lililosimama kwenye msongamano au taa nyekundu bado linahesabiwa kuwa linaendeshwa, na dereva hana ruhusa ya kushika simu hadi aegeshe pembeni salama. Uingereza, iliyoanza marufuku hiyo Desemba 2003, hutoza pauni 200 na pointi 6 kwenye leseni. Tangu Machi 2022 hata kupiga picha au kupitia ujumbe kwenye simu iliyo mkononi ni kosa. Kwenye msururu wa malori ya kuingia Malaba au Tunduma, unaosogea hatua chache kisha ukasimama, dereva anayeandika ujumbe anaweza asione mchuuzi wa maji aliyepita mbele ya bampa.